Utomvu Kwenye Jicho la Simu

Kitendaguro,
Bukoba.
14 Novemba 2024

Mpendwa mjukuu wangu Rugaibula,

Hujambo huko Mtwara? Unakula? Kile kikohozi kimekuacha? Mimi nipo, magoti tu ndiyo yananigombeza. Anayeandika ni jirani yangu Vestina, mimi nasema. Nimemwonya asinipambe kwa maneno ya shule.

Uliomba picha ya kaburi la babu yako, kwa kuwa hukuwahi kuja kumzika, na sasa unamwota amekupa mgongo. Waitu, mpenzi wangu, neno hilo sikulala nalo. Nikaazima simu ya Vestina, nikaingia kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani tulikomzika.

Hali ya hewa ya hapa unaijua. Jua likawaka, nikanyoosha mkono. Wingu likapanda kutoka ziwani, likameza migomba. Nikangoja. Likaachia. Kubonyeza tu, mvua hiyo, na jua bado linawaka! Nikakata jani la mgomba, nikaifunika simu kama ninavyofunika ndizi chunguni, nikaendelea kupiga.

Vestina alipoziona picha akapiga kelele, "Mama wee, umeinywesha simu yangu utomvu!" Kweli, jani bichi lilikuwa limechuruzika kwenye jicho la simu. Nikamwambia anyamaze, simu haijafa. Tuliifuta kwa mafuta ya taa, ikapona. Lakini picha zote ni nyeupe, kama ukungu wa alfajiri.

Moja nimeitazama sana. Kaburi halionekani, migomba imeyeyuka. Katikati umesimama mwanga mrefu, umeinama kidogo kushoto, kama babu yako alipokuwa akikagua mikungu. Sijui. Macho yangu ni ya kizee. Ila huyo ninayemwona hakukupa mgongo, anatazama njia. Tumeichapisha mjini, kule kata ya Bakoba, imo humu ndani ya bahasha.

Usidhani picha inatosha. Wenzako wote walimtilia udongo kwa mikono yao. Wako nimekuwekea, rundo dogo kando ya kaburi, nimelifunika kwa majani makavu ya mgomba. Kila mvua ikinyesha linapungua, nami natoka kuongeza majani. Mvua haichoki, wewe. Mimi nachoka.

Shangazi yako Kokuhirwa anakusalimu, na mwanawe Dastan, na Vestina huyu anayecheka huku akifuta machozi. Mungu akufungulie njia, akutie na aibu kidogo, uje udongo ungalipo.

Wako akupendaye, hata akikukaripia,
Bibi yako Kokuberwa