Sili ya Kiki ya Pikipiki ya Baba

Muyinga, Jumatatu

Kaka Audax mpendwa,

Shikamoo. Usiulize kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu nikifika neno la tatu umeshanikatiza. Barua utaisoma hadi mwisho, maana hakuna wa kumkatiza. Habari za Gitega? Wifi Adventina na watoto wanaendeleaje, na mgongo wako je? Sisi huku hatujambo. Shemeji yako Godfrey anakusalimu, mvua imetuhurumia mwaka huu, na mama ni mzima wa afya. Ila ndiye aliyenifanya nikae chini kuandika.

Kama ulivyoagiza, Ijumaa nilikwenda Giteranyi kuishughulikia pikipiki ya baba, ili rafiki yako Prosper akija Jumapili kuinunua aikute haivuji. Nilikwenda na Amissi, fundi wa hapa mjini, yule ambaye mdomo wake hufanya kazi kuliko mikono. Tulimkuta mama akipepeta maharage. Pikipiki ilikuwa palepale sebuleni, chini ya picha ya baba, na chini yake kipande cha boksi kilicholowa oili. Kaka, harufu ile! Miaka miwili tangu tumzike, na nyumba bado inanukia kama saa ile anaporudi kutoka kufundisha katekisimu.

Nikaikumbuka safari yako na baba ya Gitega ulipoanza sekondari. Godoro lilifungwa nyuma, wewe umebanwa katikati kama gunia la mihogo, na oili ikakuchafulia mguu wa kulia wa suruali mpya. Mlisimama Mutoyi kuomba sabuni, na baba akakwambia usinune, kwani ukichoka na shule utayafuata matone hadi nyumbani. Uliporudi likizo ulituhadithia huku umevimba kwa hasira, nasi tukacheka hadi mama akatufukuza mezani. Natamani siku zile zirudi, hata kwa mlo mmoja.

Basi, Amissi alisema ugonjwa ni ule ule wa zamani: sili ya kiki, kile kipete cha mpira kinachokaa pale chuma cha kiki kinapoingia kwenye injini. Kikilegea, oili inapata njia. Aliilaza pikipiki ubavu wa kushoto, akafungua kiki, akaing'oa sili mbovu kwa bisibisi, akasafisha mahali pake kwa kitambaa. Mpya aliipaka oili kidogo, akaigonga polepole kwa kipande cha bomba ili iingie sawa pande zote. Ya kwanza iliingia upande ikaharibika, naye akaapa kwamba ni mimi niliyeitazama kwa jicho baya. Bahati nzuri alikuja na mbili.

Kabla ya kuirudisha kiki, aliigeuzageuza mkononi. Mpira wa kukanyagia ulikwisha zamani, na mahali pake palikuwa pamefungwa kitenge, tabaka juu ya tabaka. Akaniangalia, akasema, "Dada, hii pikipiki iko mtu anaipiga kiki kila siku." Akaeleza kuwa pikipiki iliyolala miaka miwili haivuji oili mbichi namna hii, na chuma chake kingekuwa na kutu. Nilikitambua kitenge. Ni kile mama alichovaa tulipomaliza matanga. Nilipogeuka kumtazama, alikuwa ameshachukua ungo wake akatoka nje.

Nilimfuata. Kaka, kama umesimama, keti.

Unakumbuka ulivyosema mazishini, mbele ya watu wote, kwamba mzee wetu hadi mwisho aliwasha pikipiki yake kwa kiki moja? Mama aliinamisha kichwa, tukadhani analia. Kumbe alikuwa akituficha uso. Ameniambia kwamba goti la baba lilikataa kazi miaka mingi kabla ya kifo chake. Kila asubuhi ni mama aliyeipiga kiki, nyuma ya nyumba, kabla majirani hawajatoka. Kisha baba alitokea na koti lake, akapanda, akaenda. Hata tulipokuja kuwatembelea, alimtuma mama aisogeze nje na kuiwasha, huku yeye akitushikilia kwa hadithi zake ndefu ili tusiinuke. Hakumwomba asiseme. Mama alinyamaza kwa hiari yake, na angenyamaza hadi kaburini kama Amissi asingekuwa na macho.

Na sasa kila jioni, chakula kikiwa mekoni, anaisukuma hadi mlangoni, anaiwasha, anakaa nayo kidogo. Anasema nyumba ikiwa kimya ugali haushuki. Nilimuuliza kwa nini hakukwambia ulipopanga kuiuza. Alijibu kuwa sasa wewe ndiwe mkubwa wa nyumba, na pikipiki ilikuwa ya baba, si yake. Nililia, kaka. Amissi aliniona, akarudi ndani kuikaza kiki.

Jumamosi asubuhi mama alichungulia boksi jipya tulilotandika. Lilikuwa kavu. Akaniuliza kama kweli imepona au oili imekwisha. Nikamwambia imepona. Akasema hata hivyo boksi lisiondolewe.

Sasa nikwambie nililolifanya bila ruhusa yako. Jana Prosper alifika, nikamnywesha chai, nikamwambia pikipiki haiuzwi, nikamsindikiza hadi kwenye gari la kurudi. Mama alikuwa kanisani, hajui lolote. Ukikasirika, nikasirikie mimi. Na kama bado unataka kuiuza, sitakuzuia, lakini njoo uichukue mwenyewe, na uje jioni.

Wasalimie wote hapo nyumbani, watoto uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Mama anakusalimu mno. Hajui nimekuandikia haya, nawe usimwonyeshe kuwa unajua. Ukimkuta anaiwasha, simama kwenye kona ya uzio hadi azime, ndipo upige hodi. Utasikia mwenyewe kwamba mazishini hukutudanganya. Ni kiki moja tu.

Mdogo wako akupendaye,
Vumilia