Ua Jekundu Kwenye Ukuta wa Mama Njoki

Baba yangu,

Leo nina hasira, na wewe ndiye wa kwanza kuionja. Tangu tukuzike sijapata mtu wa kugombana naye vizuri.

Nimechora maua, Baba. Ukuta mzima wa hoteli ya Mama Njoki hapa Mwihoko, kuanzia mlangoni hadi kwenye bomba la maji. Najua ungesema nini, kwa sababu ulishasema, kule Makongeni, Thika, likizo ya shule nilipokuwa nakushikia uzi uliopakwa chaki. Tulikuwa tunauvuta ukutani, unauachilia, paa, mstari umenyooka. Wewe ukachora ng'ombe wa bucha na herufi kubwa, mimi nikaosha brashi kwa mafuta ya taa. "Maitu," ukaniambia, yaani mama kwa Kikuyu, maana nilipewa jina la mama yako na hukuwahi kuniita lingine, "mtu wa biashara analipia kile anauza. Maua hayaliwi."

Ulipoenda kunywa chai nilichukua ile rangi nyekundu ya mafuta iliyobaki, nikachora ua moja chini ya kwato za ng'ombe. Uliporudi hukupiga kelele. Ulichovya brashi kwenye rangi ya maji ya krimu ukalifunika. Mvua iliponyesha likajitokeza. Ukarudi kupaka, likatoka tena. Mara ya tatu mwenye bucha alikupigia simu akicheka, nasi tukabeba ngazi. "Hii nyekundu iko na kichwa ngumu kama mwenyewe," ukasema. Ulikuwa karibu kucheka, nilikuona. Lakini ulilipaka tu, na hilo liliniuma, na bado linaniuma. Ulinifundisha kazi yote, ila kunipa ruhusa ulikataa.

Mama Njoki alitaka waridi, kama kila mtu. Nikamwambia tuchore maua ya vitu anavyopika. Basi viazi vina maua yao meupe na ya zambarau, maharagwe yanapanda hadi dirishani, na ua la malenge ni kubwa kama sufuria. Wateja wanabishana lipi ni la nini. Mzee mmoja alilitambua la njahi, yale maharagwe meusi, kabla hajaketi. Ati hayaliwi? Hakuna punje ya hindi wala ya haragwe kwenye githeri ya Mama Njoki ambayo haikuanza kwa ua, Baba, na wewe uliyekulia shambani ulilijua hilo.

Sasa mwenye ploti, anayempangisha chumba, hataki. Jumatatu alimtuma keteka wake, msimamizi wa nyumba, na debe la rangi ya krimu, naye akasema: "Ploti ni rangi moja, madam. Maua mpeleke kanisa. Saturday nikikuja iwe imetoka."

Mama Njoki alipangusa mikono kwenye aproni. "Mimi sifuti. Akuje afute mwenyewe nikimwangalia."

Anaweza kufukuzwa, na anaogopa. Siku hiyo chapati mbili zilimwungulia, jambo ambalo sijawahi kuliona kwake. Nilimwambia niko tayari kuyafunika mwenyewe ili asipoteze chumba. Alinifukuza jikoni akiwa na mwiko mkononi. Niliona aibu, Baba. Mimi mchoraji ndiye niliyetaka kunyamaza kwanza, na nilijua nimeyatoa wapi mazoea hayo.

Kesho ndiyo Jumamosi. Jioni hii nimerudi kumalizia pembe moja iliyobaki karibu na bomba. Nimechora ua jekundu, lile lile la Makongeni, ambalo si la mmea wowote. Mengine yote ni rangi ya maji, lakini hilo nimelipaka kwa nyekundu ya mafuta, kutoka kwenye kopo uliloliacha chini ya kitanda. Ilibidi nivunje ngozi iliyoganda juu, ndani rangi bado ni mbichi. Chini yake nimeandika jina langu, ambalo ni la mama yako. Hilo hata wewe usingethubutu kulifuta.

Asubuhi nitasimama pale pamoja na Mama Njoki. Huenda wakapaka, debe ni lao na ukuta ni wao. Wapake. Wewe unajua mvua ikinyesha itakuwaje, ulipanda ngazi mara tatu.

Pumzika, Baba. Ngazi yako iko kwangu, na sishuki.

Binti yako,
Maitu