Kuhusu Damu ya Mtoto Akinyi, na Nyumba Uliyoijenga Kabla Yangu

Kwa ndugu yangu mdogo mpendwa, Okoth,
Karungu.

Baada ya salamu nyingi kutoka nyumbani hapa Homa Bay, ningependa kutamka kusudi langu mapema, ili usiisome barua hii ukiwa na shaka. Nakuandikia kuhusu ugonjwa wa binti yako. Barua sikuifunga, kwa kuwa nataka shemeji yangu Achieng aisome pia, pamoja na mtu mwingine yeyote anayekushauri huko. Simu yako umeizima. Hivyo basi sina njia nyingine.

Kabla hujaizima, Achieng alinipigia. Alieleza kwamba mikono ya mtoto imevimba hadi vidole vimefanana na ndizi ndogo, kwamba miguu ni vivyo hivyo, kwamba macho yamekuwa ya njano, na kwamba analia akiguswa. Alieleza pia kwamba umekataza asipelekwe hospitali mpaka mimi na wewe tunywe manyasi, ile mitishamba ya kutakasa, kwa sababu unaamini hiyo ni chira, adhabu ya mila iliyovunjwa, na kwamba mvunjaji ni wewe.

"Anasema mtoto akidungwa sindano kabla ya manyasi atakufa kama shangazi yake," alisema Achieng. "Shemeji, mimi nimechoka kubishana. Ongea naye wewe, ni damu yako."

Okoth, kwa heshima zote, nakuomba turudi nyuma pamoja.

Unakumbuka nilipokuwa Awendo nikikata miwa. Jiko ulimokuwa ukilala lilivuja, ukaamua kujijengea simba, nyumba ya kijana, ilhali mimi mkubwa wako nilikuwa sijajenga yangu, jambo ambalo mila yetu hulikataza. Marehemu dada yetu Akinyi ndiye aliyekuletea maji ya kukandia udongo, kidogo kidogo, maana alichoka upesi. Nilipokuja kuwatembelea nilimkuta ameketi ukutani pako akikusimanga: "Okoth, ongeza mlango. Kichwa chako hakitapita hapo." Nawe ukamjibu, "Nyamaza, paka wewe," kwa ajili ya macho yake ya njano. Alicheka hadi akakohoa. Mimi, ambaye peke yangu nilikuwa na haki ya kuchukizwa na nyumba ile, nililala humo na nikalisifu paa lake.

Unakumbuka ulivyombeba mgongoni kwenda shule miguu ilipomuuma. Alikuita punda wake, akakupiga teke ubavuni ulipopunguza mwendo. Mama alisema damu ya mtoto huyu ni kidogo, na sote tuliamini kwamba damu kidogo ina tiba moja tu. Alinyweshwa maji ya bitiruti. Alipikiwa maini, na ile mboga chungu tunayoiita osuga, asubuhi na jioni. "Mama," alilalamika siku moja, "nimekula shamba zima na bado nimechoka."

Mvua zilizofuata ndizo zilizomchukua. Homa ilimshika, mifupa ikamuuma hadi akashindwa kulia. Tulimngoja mganga wa manyasi, naye alikuwa Mbita kwa matanga. Alipokosekana ndipo tulipompeleka hospitali. Alitundikiwa maji ya mishipani, na jioni hiyo hiyo akatuacha. Siku ya mazishi baba mdogo alisimama mbele ya watu wote akauliza, "Nani alimtuma kijana huyu kujenga mbele ya mkubwa wake? Sasa mmeona?" Ulikunja blanketi lako ukaenda Karungu kuvua omena, dagaa wa ziwani, na tangu hapo nyumba yako imekaa bila mwenyewe.

Ulipompa binti yako jina la marehemu, kama ilivyo desturi yetu, Mama alilia kwa furaha. Leo nasikia wapo wanaosema kwamba marehemu amerudi kudai. Nami najua kwamba wewe unawasadiki, kwa kuwa wewe ndiwe uliyembeba mgongoni.

Baada ya simu ya Achieng sikutaka kukujibu kwa maneno matupu. Nilikwenda hospitali nikakaa kwenye benchi pamoja na kina mama wenye watoto. Muuguzi aliniuliza, "Mzee, unaumwa na nini?"

Nikamwambia siumwi na chochote.

"Basi umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kuulizia damu yangu."

Alicheka, kisha nilipomsimulia habari za Akinyi wote wawili, hakucheka tena. Alinifafanulia kwamba upungufu wa damu si ugonjwa mmoja. Upo wa kukosa madini ya chuma, na huo ndio hutibiwa kwa vidonge vya chuma na chakula kama kile cha Mama. Upo unaoletwa na malaria, na upo wa minyoo. Na upo wa kurithi, uitwao selimundu, ambamo chembe nyekundu za damu hujikunja mfano wa mundu.

"Mundu huu wa kukatia nyasi?" nilimuuliza.

"Huo huo, mzee. Sasa fikiria mundu ukipita kwenye bomba jembamba."

Alisema chembe hizo hukwama, na pale zinapokwama ndipo mtu huumwa. Huvunjika upesi, na kuvunjika huko ndiko hutia macho rangi ya njano. Zinazobaki ni chache, ndiyo maana mtu huchoka. Okoth, mwanamke yule hakumwona dada yetu hata siku moja, lakini alimweleza mbele yangu kana kwamba amelelewa naye.

Damu yangu ilipimwa. Nimebeba urithi huo kwa upande mmoja, na aliyebeba upande mmoja kwa kawaida haugui wala hajui. Mtoto huugua anapoupokea kwa baba na kwa mama. Kwa hiyo Baba, aliyelima hadi uzeeni, alikuwa nao. Na Mama anao. Huenda nawe unao, na huenda Achieng anao, na hapo hakuna mwenye kosa.

Sasa naleta hoja yangu kuu, nayo sikuipata hospitalini. Dada yetu Akinyi alipokuwa bado anatambaa, mikono yake ilivimba hivi hivi. Mama aliifunga kwa kitambaa chenye joto akasema ni baridi ya ziwa. Wewe ulikuwa mdogo, huna hata kaptula, umechuchumaa mbele yake ukivipuliza vidole vile kama mtu anayepoza uji. Nakuuliza kama kaka yako: wakati huo ulikuwa umejenga nyumba gani?

Kuhusu sindano, dada yetu hakufa kwa kudungwa. Alifika amechelewa, na aliyetuchelewesha ni yule tuliyekuwa tukimngoja. Wewe sasa wanifanya mimi kuwa huyo wa kungojwa, nami siwezi kuikubali nafasi hiyo.

Sidharau mila. Mitishamba iko tayari nyumbani kwangu, na nitainywa pamoja nawe mlangoni pa nyumba yako, mbele ya baba mdogo akipenda. Sipingi kunywa. Napinga kungoja. Muuguzi ameniagiza nikuambie kwamba mtoto aliyevimba hivyo aonwe na daktari bila kukawia, na akiwa na homa ni saa hiyo hiyo. Akipatikana na ugonjwa huo zipo dawa za kila siku za kumkinga, na wapo wenye selimundu waliokua hata wakazaa. Dada yetu hakupata nafasi ya kupimwa hata mara moja.

Barua hii inaletwa na Mama Rosa, anayenunua omena kwenu. Nimemwomba akae hapo kwako hadi utakapomaliza kuisoma. Gari lake linarudi Homa Bay leo, na amewawekea nafasi ya kukaa Achieng na mtoto, na ya tatu ni yako.

Hivyo basi, kwa unyenyekevu, naomba uamuzi wako: je, utamleta Akinyi apimwe damu leo, ama hutamleta? Mjibu Mama Rosa kwa neno moja.

Ni mimi, kaka yako mkubwa, niliyelala katika nyumba yako.