Chupa Tatu za Mama

Jang'ombe, Unguja
9 Machi 1958

Kaka yangu Msabah,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Mombasa, wewe na wifi na watoto. Sisi huku wazima, na mara hii nikisema sisi, mama naye yumo. Alhamdulillahi.

Najua barua yangu iliyopita ilikuuma. Nilikwambia umetutumia dawa ya sukari iliyooza, kisha umekaa mbali ukijiona umeshauguza. Nilikuwa na hasira. Miaka sita namtazama mama peke yangu, na mgahawa huu nimeuanza na birika moja. Zilipofika chupa zako tatu nikaanza kumpiga sindano mwenyewe nyumbani: vipimo ishirini asubuhi, kumi na viwili jioni, sikuruka hata mara moja. Akazidi kukonda. Siku ya kumi na moja akazimia, tukamkimbiza hospitali.

Alitupokea Bi Kulthum, nesi aliyerudi juzijuzi kutoka masomoni Ulaya. Akampa dawa yao, na siku ya tatu mama akanigombeza kwamba uji hauna chumvi. Nililia kwa furaha.

Nikampelekea Bi Kulthum chupa yako ya pili, haijafunguliwa, nipate ushahidi wa kukushitaki. Akaitazama kwenye mwanga, akaona nyuzinyuzi nyeupe. Akanieleza kuwa dawa hii ni minyororo myembamba mno, kila mmoja umejikunja kwa namna yake, na mkunjo huo ndio unaofanya kazi mwilini. Ikipata moto, minyororo hufumuka ikashikana ovyo. Chupani hapungui kitu, ila umbo limeshapotea. Kisha akaniuliza, "Bi Khamisa, ute wa yai ukishachemka, umepata kuurudisha?"

Kaka, bomba la sindano niliambiwa nilichemshe dakika kumi. Mimi mtu wa mgahawa, maji nachemsha, maziwa nachemsha, sijaona kilichoharibika. Chupa zako zilikuja na vumbi la safari, nikazitumbukiza zote tatu sufuria ile ile. Nilipoziona zile nyuzi nilifurahi, nikidhani uchafu umetoka.

Dawa yako ilikuwa nzima. Niliyeipika ni mimi.

Nilikusema kwenye nyumba saba hapa mtaani, na zote saba nshazirudia kukusafisha. Chupa ya sasa, tuliyopewa hospitali, nimeitia koponi, kopo liko ndani ya mtungi wa maji baridi. Ile barua nakuomba uichane, na unisamehe.

Wifi na watoto wasalimie sana. Mama anakusalimu, na amenishika niandike kama alivyosema: "Mwambie mwanangu alete nyingine, lakini amkabidhi Kulthum mkononi."

Mdogo wako,
Khamisa