Amin Iliyogeuzwa Kura

Jumamosi usiku

Kumbe alitutega kwenye dua! Mwakilishi wetu wa wodi alikuja kutuuliza kama tunakubali uchochoro wetu ufungwe, tuktuk na mikokoteni isiingie, watalii watembee kwa raha. Hakumuuliza mtu. Alihutubia weee, kisha akainua mikono: "Ewe Mola, ubariki mpango huu wa kuufunga uchochoro." Sote tukaitikia, "Amin." Karani wake akaandika kwamba wakazi wameafiki.

"Leo kamfanya Mungu wakala wake wa kura!" akasema jirani yetu Bi Rukia, na wanawake wakacheka. Mimi sikuweza.

Mbao za karakana ya Nasri wangu zitaingiaje? Kwa kichwa? Mume wangu, fundi wa milango, anayenukia mvule hata akitoka kuoga! Ndoa yetu ingali mbichi, na tayari tunazungumzia kuhamia Likoni, ng'ambo ya feri.

Namchukia mtu yule. Simtaki yeye wala mwingine wa kunisemea. Tuulizwe wenyewe, nyumba kwa nyumba.

Nilipomwambia Nasri hivyo, alitabasamu, nami nikayeyuka kama kawaida. "Tukiulizwa sote, mpenzi, wenye nyumba za wageni ni wengi kuliko sisi mafundi. Tutashindwa vile vile."

Najua. Inaniuma kwa sababu ni kweli. Lakini basi nishindwe nimeinua mkono wangu huu wenye hina, nimesema hapana mbele ya watu. Si kushindwa kwa amin yangu mwenyewe.