Filamu Ina Kasoro, Dada

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe, shemeji na wapwa wangu wawili. Natumaini goti limeacha kukusumbua, na kwamba wodi yenu ya wazazi imeongezewa wakunga kama mlivyoahidiwa. Sisi huku ni wazima. Wifi yako anakusalimu. Mama naye hajambo, ingawa katika barua yako ya mwisho hukumuulizia. Mimi nimezoea kukujibu hata usichouliza.

Habari kubwa ni kwamba filamu imekwisha. Usicheke kwanza. Ni ile niliyokugusia mwaka jana: tumechukua ule mchezo wa chombo cha angani tuliokuwa tukiutazama kwenye televisheni ya jirani utotoni, tukaweka kisa kipya ndani ya chombo kile kile, tukakicheza wenyewe, sisi mashabiki. Mchezo una wenyewe, kwa hiyo hatuuzi. Tunaonyesha bure, kwa mapenzi tu. Mapenzi tunayo debe zima. Vifaa ndivyo havikuwapo.

Basi mimi, fundi wa friji, nikawa mwongozaji. Nilisimamisha milango kumi na moja ya friji mbovu karakanani ikawa kuta za chumba cha nahodha; ukikaza macho utaona pa kuwekea mayai. Chombo chenyewe, kinachopita kati ya nyota, ni birika la umeme nililolipaka rangi ya fedha na kulining'iniza kwa uzi. Uzi unaonekana. Nilimwambia wifi yako kwamba watu watadhani ni mwale wa nyota, akanijibu kwamba watu wana macho.

Nahodha wetu ni kinyozi wa mtaa wa pili, mtu mwenye sauti nzito na ndevu za heshima. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, nami nikawaamini. Katikati ya kazi huyu wetu akajinyoa, ati joto. Sasa nahodha anaingia mlangoni na ndevu, anatokea upande wa pili kidevu cheupe kama sahani. Kurudia hatukuweza, maana kuta nilikuwa nimeshazibomoa ili wateja wapate pa kupita. Ikabidi nimwongezee wifi yako, ambaye ni daktari wa chombo, sentensi moja: kwamba hewa ya sayari hii hunyonyoa ndevu. Aliisema bila kucheka. Kwa hilo peke yake namheshimu.

Mpiga picha ni yule wa harusi. Kazi anaijua, lakini harusi haimtoki. Kwenye vita alimzunguka kinyozi polepole kama anamzunguka bibi harusi, na alipokuwa akiunganisha picha akaweka maua kwenye pembe. Nikamwambia angani hakuna maua. Akasema bila maua picha inakuwa kavu. Tulivutana wiki nzima, mwisho maua yakaondoka, mwendo wa polepole ukabaki.

Sauti ndiyo ilituua. Jirani yangu ni seremala, na huwezi kumwambia mtu aache kuranda mbao kwa sababu wewe uko angani. Ikatubidi turekodi maneno upya kwa simu, tukiwa tumejifunika blanketi chumbani, mmoja mmoja, jasho likitutoka. Midomo na maneno sasa vinafuatana kama watu waliokosana.

Lakini kosa kubwa kuliko yote lilikuwa langu. Nilijaza maneno. Kinyozi alieleza kwa dakika sita jinsi injini ya chombo inavyopozwa, kwa kuwa mambo ya kupoza nayajua, na mtu akijua kitu hukisema. Filamu ikawa saa mbili na dakika kumi. Wifi yako alisinzia mara mbili, naye ni mchezaji! Nikakata, nikakata, mpaka zikabaki dakika arobaini na tano.

Hata hivyo sioni haya, dada. Kasoro zake nazijua zote kwa majina, na filamu ipo. Wapo wenye kamera kubwa kuliko yetu ambao hadi leo wanapanga.

Tuliionyesha Jumamosi iliyopita mchana, katika ukumbi wa shule, madirisha tumeyaziba kwa mablanketi. Jua halikuheshimu mablanketi. Dakika kumi za mwanzo watu walisikiliza zaidi kuliko walivyoona. Birika lilipopita wakacheka, ndevu zilipopotea wakacheka hadi wengine wakasimama. Mimi nami nikacheka, ningefanyaje?

Kisha ukaja mwisho. Chombo kile kinapokea wito wa msaada kutoka kwa watu walewale waliomtelekeza nahodha na wenzake angani miaka mingi nyuma. Nahodha anakataa, daktari anakataa, wote wanakataa. Ndipo mpishi, msichana ambaye hadi hapo hajasema neno, anasogea kwenye redio na kusema: "Mlango uko wazi. Njooni mle kwanza, tutagombana baadaye." Basi. Hapo ukumbi ulinyamaza. Hakuna aliyeona uzi, hakuna aliyeona midomo. Taa zilipowashwa watu walipiga makofi, na mtu akauliza kwa sauti nani katunga kisa kile. Nikasimama, nikasema ni mimi.

Mama alikuwa amekaa mstari wa tatu. Yeye hakupiga makofi.

Tulipofika nyumbani aliniita jikoni, akafunga mlango. Alisema kisa kile aliwahi kukisikia. Alikuwa akipiga pasi, wewe una miaka kumi na mitatu, umekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, unamsomea kutoka kwenye daftari lako. Alikuuliza kwa nini mpishi na si nahodha, ukamjibu kwamba nahodha ana cheo cha kulinda. Halafu akaniuliza, bila hasira yoyote: "Daftari unalo?"

Ninalo, dada. Miaka ishirini na mitatu ninalo. Mama hakulichoma. Alitishia tu, siku ile matokeo yako ya hesabu yalipokuja mabaya, na kesho yake lilipokosekana wewe ukajua ni yeye, na alipokana hukumwamini. Nililichukua mimi. Nilikuwa na miaka tisa, nikaenda nalo shule kuwaambia wenzangu kwamba nimeandika mimi. Niliporudi nikakukuta unalia na mama anaapa, nikaogopa, nikalificha. Nikajiambia kesho nitasema. Kesho ile haikufika. Ukahamia kwa shangazi, ukaolewa ukiwa kwake, mama akakaa kwenye harusi yako kama mgeni wa kawaida, nami nikiwa pembeni nimevaa suti, ninajua.

Na Jumamosi, mbele ya watu, nikaliiba mara ya pili.

Nilimwambia mama yote. Nilitegemea kofi. Akasema tu kwamba kuna miaka alikuwa akijiuliza kama kweli hakulichoma, maana wewe mtoto wake husemi uongo. Hilo ndilo lililoniliza, dada, mtu mzima mwenye karakana.

Jumatatu nilimpelekea mpiga picha maandishi mapya. Filamu sasa inaanza kwa kusema kisa ni chako, na Jumamosi ijayo tutaionyesha tena kwa watu walewale. Nitasimama na kueleza kilichotokea. Daftari nalituma pamoja na barua hii. Halijapungua hata ukurasa mmoja, ila lina alama ya kidole changu kwenye jalada.

Sikuombi unisamehe upesi. Nikasirikie unavyotaka, hasira hiyo ilikuwa ya kwangu tangu mwanzo. Ilikosea mlango tu. Nilimuuliza mama kama nikuambie uje. Akakataa. Alisema, "Mwambie ukweli, uishie hapo. Kuja ni kwake." Kisha akaniuliza kama nauli imepanda, na mtu akitoka huko asubuhi anafika huku saa ngapi.

Wasalimie wote nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi wa friji