Mashine Inayojua Kama Nimekaa

Jumatano, baada ya magharibi. Mvua imekata, hewa nzito, na mikono yangu bado inanuka ndimu na petroli.

Leo nimeona kitu ambacho bado kinanishangaza, nakiandika kabla sijakizoea.

Huu ni mwezi wangu wa kwanza kuendesha mashine ya kukatia majani hapa hoteli, Kiwengwa. Ile unayoikalia, visu viko chini ya tumbo lake. Kabla yangu alikuwa nayo Makame. Asubuhi Bi Zuhura, msimamizi wetu, kaniambia uwanja wa mbele uwe tayari ikifika alasiri, kesho kuna harusi ya wageni. Nikishindwa, Makame anarudi kitini na mimi narudi kwenye ufagio.

Basi nawasha, inanguruma vizuri. Navuta mkono wa visu, inazima. Nawasha tena.

Inazima.

Akaja Haji, fundi wa hoteli. Kauangalia mkanda unaozungusha visu, mzima. Kavizungusha visu kwa mkono, vinakwenda laini. Makame akapanda kujaribu, visu vikazunguka. Nikapanda mimi, ikazima.

"Inataka mtu mwenye uzito, Mama Nasra," Makame akasema. "Nenda kale wali kwanza, urudi mwakani."

Nilicheka nao. Moyoni nilikuwa nnataka kulia.

Haji akainua kiti, akanionesha swichi ndogo chini yake, kama kitufe cha kengele ya mlango. Ukikaa inabonyea, mashine inajua kuna mtu. Mimi mwepesi, na swichi yenyewe imekwama kwa chumvi na mchanga. Akasema ataziunga nyaya mbili za swichi moja kwa moja, mashine idhani mtu yupo kila wakati, dakika tano, mambo yamekwisha.

Nikamuuliza, "Sasa kwa nini waliiweka?"

"Ukianguka, visu visimame," akajibu, kama mtu aliyeulizwa saa ngapi.

Nikainama kuiangalia ile swichi.

Nasra wangu ana mwaka na nusu. Akiniona anakuja mbio, mikono juu, hatazami anapokanyaga. Mama yangu humleta mchana nimnyonyeshe, na mara mbili kashamponyoka akanikimbilia uwanjani. Mara zote mbili niliruka kutoka kitini kumuwahi, na mashine ikazima. Nilidhani ni ubovu wake.

Tena niliitukana.

Nikamwambia Haji asiunge kitu.

"Uwanja hautaisha," akasema.

"Usiishe. Nitafutie mswaki."

Mchanga nikautoa kwa mswaki mkavu. Kutu ya kijani kwenye ncha za nyaya nikaisugua kwa ndimu ya jikoni, nikafuta, nikakausha, Haji akapaka grisi kidogo. Adhuhuri ikatupita. Nikakaa, nikavuta mkono, visu vikazunguka. Nikajiinua kidogo tu.

Kimya.

Nikawasha upya, nikajiinua tena. Mara tatu nilifanya hivyo, Makame ananitazama kama anamtazama mtu aliyerogwa.

Alasiri ilinikuta na ukanda mmoja haujakatwa, upande wa jikoni. Bi Zuhura akauangalia, akaniangalia mimi. Nikamweleza yote, hata zile nyaya nilizokataa zisiungwe.

"Kesho saa kumi na mbili uwe juu ya kiti, umalize kabla wageni hawajaamka," akasema. "Na hiyo swichi asiiguse mtu."

Skuli niliishia kidato cha pili, mambo ya umeme siyajui. Lakini kuna mtu mahali fulani, nchi nisiyoijua, alikaa na kalamu yake akamfikiria mtoto anayemkimbilia mama yake. Hakumjua Nasra. Akamuwekea kitu kidogo hivi, chini ya kiti, pasipoonekana.

Nasra kalala ubavuni mwangu, mguu wake juu ya tumbo langu.

Katika sala ya magharibi nimemuombea mtu yule, bila jina, yeye na wanawe. Itamfikia?